Jinsi ya kuipata piza nzuri katika mji wowote: mwongozo kwa anayeanza

Watu wanaojua kwamba napenda piza huniuliza swali lilelile kila mara: "Nimehamia mji huu juzi, piza nzuri naipata wapi?" Wengine hunitumia picha ya skrini yenye majina kumi ya migahawa, wakitaka niwachagulie moja. Siwezi. Huko sijala, na nyota nne na nusu hazinielezi lolote kuhusu kilichotoka tanurini jana usiku. Nimejibu mpaka nimechoka, ndiyo maana nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja.

Njia ninayoitumia ni ya polepole kidogo. Ukila piza moja kwa wiki, itakuchukua miezi miwili na zaidi kidogo kupata majina mawili au matatu ya kuyategemea. Kama uko mjini kwa siku moja tu, ruka hadi sehemu ya mwisho, nimekuwekea njia ya mkato.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Simu yenye ramani.
- Daftari dogo, au mahali pa kuandikia kwenye simu. Usitegemee kumbukumbu; ukifika piza ya nne utakuwa umeshaisahau ya kwanza.
- Rula ya sentimita 30. Utachekwa mezani, lakini utanishukuru ukifika hatua ya 7.
- Mwenzako mmoja au wawili wa kula naye. Zaidi ya hapo inageuka sherehe, na sherehe huifanya kila piza iwe tamu.
- Njaa ya kiasi. Mwenye njaa kali si shahidi wa kuaminika.

Hatua ya 1: Amua unatafuta piza ya aina gani

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Piza si kitu kimoja. Ukienda kwenye mgahawa wa Kinapoli, yaani wa mtindo wa mji wa Napoli, Italia, ukitarajia ukoko mkavu unaovunjika, utarudi nyumbani ukisema walikupa piza mbichi, kumbe wao wamefanya kazi yao vizuri.

Piza ya Napoli ni ndogo, haizidi sentimita 35, na huokwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi kwa sekunde 60 hadi 90 tu. Ukingo wake hufura na kuwa na madoadoa meusi kama ya chui, katikati ni laini na huwa na majimaji. Wanapoli wenyewe wana chama kilichoanzishwa mwaka 1984 kulinda masharti hayo, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa waokaji wao kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Mgahawa unaojitangaza kwa jina la Napoli umejifunga kwa masharti hayo, basi upime kwa hayo.

Ya New York ni pana, mara nyingi sentimita 45 hivi, nyembamba, na kipande chake hukunjwa katikati na kuliwa kwa mkono mmoja ukiwa umesimama. Tanuri lake lina joto la chini kuliko la Napoli, kwa hiyo piza hukaa ndani dakika kadhaa na kutoka kavu zaidi. Roma wana mbili: ile ya duara iliyo nyembamba na inayovunjika ukiuma, na ile ya sinia inayokatwa kwa mkasi na kuuzwa kwa uzito. Chicago kuna piza nene ya kwenye chombo chenye kina, ambayo jibini hutangulia chini na sosi ya nyanya hukaa juu. Ulioanzisha mambo hayo ni mgahawa wa Pizzeria Uno, mwaka 1943. Piza hiyo huchukua nusu saa na zaidi tanurini, ukiletewa baada ya dakika kumi ujue ilishapikwa zamani. Detroit wana ya mstatili, iliyoanza mwaka 1946 kwenye masinia ya chuma yaliyokuwa yakitumika katika viwanda vya magari, na raha yake yote iko pembeni, pale jibini linapogusa chuma na kukaukia kahawia.

Chagua mbili unazozitaka zaidi. Ziandike kwenye kurasa tofauti za daftari na usizishindanishe. Kuipa ya Napoli alama za chini kwa sababu haivunjiki ni kama kulaumu supu kwa kuwa na maji.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha ndefu

Fungua ramani, andika "piza", kisha usogeze ramani mtaa kwa mtaa huku ukiikuza. Ukitafuta mji mzima kwa mkupuo utaletewa majina yaleyale yenye matangazo na yenye matawi mengi. Vile vyumba vidogo vya meza nne vilivyo nyuma ya barabara kuu huonekana tu ukikaribia.

Baada ya hapo uliza watu, ila uliza vizuri. Ukisema "piza nzuri iko wapi hapa mjini?" mtu atakutajia mahali maarufu, pengine hajawahi hata kukanyaga. Sema hivi: "Wewe mwenyewe mara ya mwisho ulikula piza wapi?" Jibu hubadilika kabisa. Watu wa kuwauliza kwanza ni wanaopeleka vyakula kwa pikipiki au baiskeli. Wao husimama mlangoni mwa majiko hayo mara ishirini kwa siku, wanaona anayekanda na wanaona kinachotoka kwenye friza. Wafuatie waokaji wa mikate na wahudumu wa migahawa ambayo haiuzi piza.

Lenga majina kumi na tano hivi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kwenye piza nisingeishikilia sana kauli hiyo: nimekula piza nzuri iliyokuwa na bango kubwa kuliko mlango wake.

Hatua ya 3: Chuja orodha kwa maoni ya wateja

Acha wastani wa nyota. Fungua maoni ya nyota tatu. Anayetoa tano amefurahi na anayetoa moja amekasirika, mara nyingi kwa sababu ya mhudumu au maegesho. Anayetoa tatu ndiye hukuambia kwamba ukingo ulikuwa mtamu ila katikati palilowa. Soma ya miezi sita ya karibuni tu, maana mpishi akihama jina hubaki palepale na piza huondoka naye.

Picha zina manufaa zaidi kuliko maneno, lakini angalia zile za wateja, si za mgahawa. Tazama picha tano za piza ileile zilizopigwa siku tofauti. Zikifanana, jiko lina nidhamu. Moja ikiwa imeungua, ya pili nyeupe, ya tatu jibini limekusanyika upande mmoja, hapo unabahatisha.

Angalizo: linganisha anwani. Niliwahi kuagiza kwa majina matatu tofauti Ijumaa tatu mfululizo, nikajaza daftari, jina la pili likapata alama ya juu kuliko mengine. Nilipokuwa nikipanga risiti nikakuta zote tatu zina namba moja ya simu. Lilikuwa jiko moja lisilo na meza wala mlango wa mteja, linauza kwa majina matatu kwenye programu za kuagizia. Piza yao haikuwa mbaya, lakini mimi nilijiona mtaalamu wa kutofautisha kitu na kitu kilekile.

Ukimaliza hatua hii ubaki na majina sita au saba.

Hatua ya 4: Pita mlangoni kabla hujala

Si lazima uingie ukae. Simama kama anayesoma menyu, uangalie mambo manne.

1. Tanuri. Likiwa wazi mbele ya wateja, ni dalili kwamba hawana cha kuficha. Lile la mkanda unaojisogeza lenyewe hutoa piza zinazolingana, ila ni nadra kutoa iliyo bora.
2. Madonge. Tafuta trei zenye madonge ya unga yaliyofunikwa, yametulia na kutanuka kidogo. Ukiona miduara iliyokwisha kutandazwa ikitolewa kwenye mfuko wa plastiki, futa jina.
3. Mikono. Kwa piza ya Napoli na ya New York, donge linapaswa kutandazwa kwa vidole ili hewa ibaki ukingoni. Kifimbo cha kusukumia huitoa hewa yote. Kwa ile nyembamba ya Kiroma kifimbo ni halali, usiwahukumu.
4. Urefu wa menyu. Piza arobaini si tatizo, ni donge moja lenye vikorombwezo tofauti. Tatizo ni piza, sushi, baga na samaki jikoni pamoja.

Kisha uliza swali moja kwa upole: "Samahani, unga wa leo mliukanda lini?" Donge lililoumuka taratibu kwenye baridi kwa saa 24 hadi 72 huwa na ladha ambayo lile la saa mbili halina. Akijibu "jana" au "juzi" bila kufikiri, mwekee alama. Akikutazama kama umeuliza siri ya serikali, bado si vibaya, pengine ni mgeni kazini. Akisema unaletwa, sasa unajua.

Hatua ya 5: Agiza margherita, kila mahali margherita

Nyanya, mozzarella (jibini jeupe laini), majani ya mrehani, mafuta ya zeituni. Basi. Hakuna soseji ya kuficha sosi chungu, hakuna kitunguu cha kufunika unga usio na chumvi. Kama hawana margherita, agiza ile ya jibini tupu. Kama huli jibini, agiza marinara, ambayo ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta. Tena ni mtihani mgumu zaidi.

Najua utataka ile yenye nyama nne. Agiza ukirudi. Hata nanasi sina ugomvi nalo. Liliwekwa juu ya piza huko Kanada mwaka 1962 na Sam Panopoulos, na watu wanaendelea kugombana mpaka leo. Lakini si siku ya mtihani.

Nenda katikati ya wiki, saa moja hivi baada ya kufungua. Mapema mno tanuri huwa halijashika moto sawasawa, na wikendi usiku jiko limezidiwa.

Hatua ya 6: Kula palepale, na uigeuze

Una dakika tano tangu ifike mezani. Zitumie hivi.

Kwanza itazame bila kuigusa. Sosi ionekane kati ya jibini na jibini, si blanketi moja jeupe. Bwawa la maji katikati maana yake mozzarella haikuchujwa au sosi imezidi. Kwa ya Napoli umajimaji kidogo unaruhusiwa, bwawa haliruhusiwi.

Kisha inua kipande kwa vidole viwili ukigeuze uone chini. Huku ndiko piza isikoweza kudanganya. Madoadoa ya kahawia na meusi yaliyotawanyika ni dalili njema. Chini kukiwa kweupe, tanuri lilikuwa na moto mdogo au walijaza piza nyingi kwa pamoja. Ukiona mistari iliyopishana kama ya wavu, imeokwa juu ya wavu wa chuma badala ya jiwe. Si dhambi, ila ukoko wake mara nyingi huwa dhaifu. Weusi mtupu unaoacha masizi vidoleni ni unga ulioungulia kwenye sakafu ya tanuri, na utausikia uchungu.

Kata ukingo kwa kisu uangalie ndani. Matundu makubwa kwa madogo yaliyochanganyika, vizuri. Ndani kukiwa kumebana kama sponji mpya, donge liliharakishwa kwa hamira nyingi. Tazama pia pale mkate unapokutana na sosi: utepe wa kijivu unaonata ni unga ambao haukuiva.

Sasa onja, na uanze na ukingo peke yake. Ukingo ndio mkate mtupu, hauna msaidizi. Ukiutamani bila kitu kingine, umefika mahali pazuri. Hata kabla ya kukaa, angalia sahani zinazorudishwa jikoni: zikirudi zimejaa kingo, wateja wameshatoa hukumu.

Mwisho acha kipande kimoja kipoe dakika kumi, ndipo ukile. Wengi hukataa kufanya hivi, na ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Piza yoyote ya moto ni tamu kwa mwenye njaa. Ikipoa, mozzarella ya kweli huwa ngumu kidogo lakini hubaki na ladha ya maziwa. Jibini la bandia la mafuta ya mimea huacha utando kwenye kaakaa. Mkate mzuri hutafunika, mbaya hugeuka mpira.

Hatua ya 7: Andika kabla hujasimama

Toa alama 1 hadi 5 kwa mambo matano: ukingo, chini, sosi, jibini, kipande kilichopoa. Usiandike "tamu". Andika "sosi ina sukari", "chini ina mistari ya wavu", "nilimaliza ukingo wote". Baada ya wiki tatu maneno hayo yatakurudisha mezani.

Pima na kipenyo. Bei bila kipenyo haina maana, kwa sababu ukubwa wa piza huongezeka kwa kasi kuliko macho yanavyodhani. Piza mbili za sentimita 30 zina jumla ya sentimita za mraba 1,414 hivi. Moja ya sentimita 45 ina 1,590. Ndiyo, moja imezishinda mbili. Ukilinganisha bei, gawanya kwa eneo, si kwa idadi ya vipande. Vipande ni kazi ya kisu tu.

Hatua ya 8: Rudi kwa walioshinda

Chukua watatu wa juu, urudi kila mahali mara moja zaidi, safari hii wakati wa msongamano. Agiza margherita tena na piza nyingine unayoipenda. Iliyofanya vizuri Jumanne mchana ikaharibika Jumamosi usiku inabaki kwenye orodha, lakini kwa Jumanne. Iliyofaulu mara mbili ndiyo utakayompeleka mgeni.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kubwa kuliko yote ni kuhukumu piza iliyoletwa nyumbani. Boksi limefungwa, mvuke umekosa pa kutokea, umerudi kwenye mkate. Umeonja usafiri, hukuonja piza.

La pili ni kuagiza piza tofauti kila mahali, halafu kuzilinganisha. La tatu ni kupanga mbili kwa siku moja. Ya pili hupata hasara ya shibe hata iwe nzuri vipi. Na usiogope foleni wala usiiamini. Foleni inaweza kuwa ya piza, inaweza kuwa ya picha.

Ukikwama

*Mji wangu una sehemu tatu tu za piza.* Vizuri, umeokoa mwezi. Anzia hatua ya 5, na tembelea kila moja mara mbili.

*Siwezi kutofautisha, zote naona sawa.* Kula ukingo tu, kutoka sehemu mbili, siku mbili zinazofuatana. Tofauti ya chumvi na ya uchachu wa donge huonekana hapo kwanza. Ulimi ukishaukamata mkate, sosi na jibini hufuata.

*Lazima niletewe nyumbani.* Chagua ya New York au ya Detroit, hizo huvumilia safari. Ya Napoli huanza kufa mlangoni. Omba wasiikate. Ikifika, ipashe kwenye kikaango kikavu kwa moto wa wastani, bila mfuniko, mpaka chini kukauke, kisha funika nusu dakika jibini lilegee. Usiipeleke kwenye maikrowevu.

*Mimi na mwenzangu hatukubaliani.* Linganisheni madaftari, si maneno ya mdomoni. Mara nyingi mmoja anapenda ukingo na mwingine anapenda jibini. Kila mtu awe na mshindi wake, mpishane zamu ya kuchagua.

*Nina siku moja tu mjini.* Waulize wapeleka vyakula watatu swali la hatua ya 2. Jina likitajwa na wawili, nenda, angalia sahani zinazorudi jikoni, agiza margherita. Sahani zikiwa na kingo nyingi, omba radhi, ondoka, jaribu jina la pili.